Kiingereza: kozi ya miezi mitatu Mwanjelwa, au akakae Tunduma akizoee?

Wa_Sokomatola

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni kwa mlionizidi umri.

Naomba mawazo ya wanaolijua jambo hili kweli. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, anasubiri chuo, ana miezi mitano hivi ya kukaa nyumbani. Kiingereza chake ni cha shule: anasoma aya na kuielewa, anaandika barua ya maombi yenye makosa machache, ila mtu akimwongelesha anakodoa macho. Akijibu, kila kitu ni "yes".

Njia tulizoziona ni mbili. Ya kwanza ni kozi pale Mwanjelwa, miezi mitatu, siku tano kwa wiki, saa mbili kwa siku, darasani watu kama arobaini. Ya pili, shangazi yetu yuko Tunduma na ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Anasema mtoto aje asaidie kupokea wateja, madereva wa Zambia na Kongo wanapita hapo kutwa, atakizoea chenyewe. Baba anasema lugha haifundishwi, inakaliwa. Mama anasema bila mwalimu ataishia na Kiingereza cha kuokoteza.

Kipi kinafanya nini hasa? Na kama vyote vinahitajika, kianze kipi? Naomba majibu yenye vipimo, maana nyumbani tumeshabishana vya kutosha.

Mwalimu_Uyole

Marahaba. Wazazi wenu wote wana hoja, ila hakuna aliyeshika kalamu. Tupige hesabu.

Saa 2 mara siku 5 mara wiki 13 ni saa 130. Ukisikia hivyo unaona ni nyingi. Sasa chukua siku moja, dakika 120. Mwalimu akiongea nusu ya muda, na wengi wetu tunavuka nusu bila kujijua, zinabaki 60. Zigawe kwa watu 40: dakika moja na nusu kwa kila kichwa. Miezi mitatu yote, mdogo wako atakuwa amefungua kinywa kwa dakika 97, hazifiki hata saa mbili. Kozi nyingi zinafia hapo, wala siyo kwenye ujuzi wa mwalimu. Lakini wakipangwa wawili wawili kwa dakika 20 kila siku, kila mmoja anaongea dakika 10, na mwisho wa kozi ana zaidi ya saa 10. Chumba ni kile kile na ada ni ile ile.

Kwa hiyo msilipe kabla hamjaingia kipindi kimoja na saa mkononi. Hesabuni dakika ambazo wanafunzi wanaongea kwa maneno yao wenyewe. Kuitikia "yes teacher" kwa pamoja msikuhesabu, hiyo ni kwaya. Kisha ombeni kuona daftari la mtu aliye mwezi wa pili. Likiwa na tiki tupu na sahihi, ondokeni. Likiwa na maneno yaliyopigiwa mstari, na mwenye daftari kayaandika upya chini yake, hapo kuna kazi inafanyika. Ulizeni pia kama kuna spika na kama wanasikilizishwa sauti za watu mbalimbali. Darasa lenye sauti ya mwalimu peke yake linamzoesha mtoto kumwelewa mwalimu huyo tu.

Sasa, darasa linafanya nini ambacho mtaa haukifanyi? Mtaa unakusahihisha pale tu usipoeleweka. Dereva akiingia ofisini kwa shangazi akauliza bosi yuko wapi, binti akajibu "He go to bank", dereva kaelewa, anaelekea benki. Hana sababu ya kumwambia kwamba shangazi ni "she", wala kwamba "go" hapo haikai. Kiswahili kinasema "ameenda", awe mwanamume awe mwanamke, kwa hiyo kichwani mwa binti hakuna kengele ya kumshtua. Kosa likipita salama mara mia linaota mizizi. Mtaalamu wa isimu Larry Selinker mwaka 1972 alilipa jambo hili jina la visukuku, yale mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, maana kosa linakuwa jiwe ndani ya lugha ya mtu. Mwaka 1983 mtafiti Richard Schmidt akaandika habari za msanii Mjapani aliyehamia Hawaii, ambaye yeye Schmidt alimfuatilia kwa miaka mitatu. Yule bwana aliendesha maisha na shughuli zake kwa Kiingereza na watu wakamwelewa, lakini sarufi yake karibu haikusogea.

Wala hamhitaji kufika Hawaii. Mmeshamsikia mgeni aliyekaa nchini miaka ishirini anayesema "kitabu yangu" na "watoto hii"? Kiswahili chake kinatiririka, anapatana bei vizuri, na hatabadilika, kwa sababu muuza nyanya hajawahi kushindwa kumwelewa. Halafu kuna mwenzake aliyesomea darasani tu. Huyu anakuja na "Je, una nyanya nzuri leo?", upatanisho wote sahihi. Muuzaji anamjibu "za mia tano zishaisha, mama", naye anabaki ameduwaa. Alifundishwa "zimekwisha", hiyo "zishaisha" hajawahi kukutana nayo.

Huyo wa pili ndiye mdogo wako kwa sasa. Sarufi ya kuanzia anayo, sikio hana.

Kijana_wa_Mpemba

Mwalimu kaeleza vizuri, ila wote mmeanza na imani kwamba Tunduma kuna Kiingereza. Kipo, ila siyo kwa wingi mnaoufikiria mkiwa Mbeya mjini.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde unaongea Kiswahili. Hata ng'ambo, sokoni Nakonde, utasikia Kinamwanga, Kibemba na Kiswahili kabla hujasikia Kiingereza, na Wanamwanga wenyewe wako pande zote mbili. Dereva Mkongo wa Lubumbashi anakuja na Kiswahili cha kwao, akikwama anaangukia Kifaransa. Kiingereza kinaishi kwenye karatasi, na midomoni mwa maofisa wa Zambia na madereva wanaotoka kusini zaidi. Kile kituo cha pamoja cha forodha kilichoanza 2019 kimewaweka maofisa wa nchi mbili karibu, ila mpokea wateja wa ofisi ya mtaani hakai huko ndani.

Kabla hamjamfungia begi, shangazi achukue daftari kwa siku tatu za kazi. Kila mteja aliyeongea Kiingereza aandike vitu viwili: dakika ngapi, na aliongea na nani, bosi au mpokeaji. Zikitoka chini ya dakika 30 za mpokeaji kwa siku, hiyo siyo kuikalia lugha, ni kuisikia ikipita barabarani.

Tatizo la pili ni marudio. "Passport, please. Sign here. Network is down, wait." Wiki ya kwanza vyote vipya, wiki ya nne anavisema usingizini na hakuna kinachoongezeka. Atarudi anajua kueleza gharama za kontena lililochelewa lakini hajui kuomba chumvi.

Dhahabu ya ofisi kama ile iko kwenye simu: sauti za WhatsApp za wateja. Hizo ni Kiingereza halisi, za watu tofauti, na zinarudiwa. Shangazi achague zisizo na siri za mteja, zisizozidi sekunde 40. Binti asikilize mara moja bila kusimamisha, aseme kwa Kiswahili mtu anataka nini. Mara ya pili aandike neno kwa neno anachosikia. Mara ya tatu wakae na shangazi wajaze mapengo. Ndipo arekodi jibu kwa sauti yake, shangazi alisikilize, litumwe. Sauti nne kwa siku zinatosha, na zinazidi kukaa mapokezi kutwa.

Ndaga_Tukuyu

Swali dogo kabla sijachangia: nyumbani mnaongea Kiswahili tu, au kuna lugha nyingine ambayo binti anaimudu?

Wa_Sokomatola

Bibi mzaa mama ni wa Rungwe, tumekaa naye. Binti anakiongea Kinyakyusa na bibi vizuri tu. Kuna uhusiano?

Ndaga_Tukuyu

Upo, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa bibi.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza, ukihesabu zile fupi na ndefu bila zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine, kina kama kumi na mbili kwa matamshi ya Uingereza. Mtu mwenye sikio la irabu tano anaposikia "ship" na "sheep" anaziweka kwenye kapu moja la "i". "Full" na "fool" zinaingia kwenye "u" moja. "Cat", "cut" na "cart" zote zinakuwa "kat". Kwa hiyo hata neno analolijua kwenye maandishi haliamki likisemwa, kwa sababu kichwani limehifadhiwa kwa sauti nyingine.

Kinyakyusa lakini kina irabu saba, na kila moja ina fupi na ndefu. Kuna i ya juu kabisa, ile ya "fijo", na kuna ɨ iliyoshuka kidogo. Kuna u, na kuna ʉ kama ile ya mwisho wa "abandʉ", yaani watu. Wanaoandika lugha hii kwa uangalifu wanazitofautisha kwa kukata herufi katikati. Mwambie binti aseme "abandʉ" polepole, asimamie ile ya mwisho, kisha aseme "watu" ya Kiswahili. Atahisi ulimi ukishuka kidogo na midomo ikilegea kwenye ʉ. Tofauti hiyo iko jirani sana na ile ya "full" na "fool". Na ɨ dhidi ya i iko jirani na "ship" dhidi ya "sheep". Yaani chombo anacho, ila tangu shule kila anapoona Kiingereza anabadili gia kwenda irabu za Kiswahili. Aanzie kwa bibi, siyo kwenye kitabu cha fonetiki. Mhehe hana bahati hiyo kwenye irabu, Kihehe kina tano kama Kiswahili. Yeye atalima zaidi.

Bibi hatamsaidia kwenye "cat", "cut" na "cart". Hizo zinahitaji zoezi. Chukua kamusi ya simu yenye sauti. Mtu mmoja achezeshe maneno 20 ya jozi moja bila mpangilio, binti asione kioo, aandike 1 au 2. Akipata chini ya 16, jozi hiyo inarudi kesho. Akipata 18 au zaidi siku mbili mfululizo, mnahamia jozi nyingine. Dakika kumi zinatosha kwa siku, zaidi ya hapo sikio linachoka na kuanza kubahatisha. Sharti ni sauti zibadilike: mwanamume, mwanamke, Mwingereza, Mmarekani. Watafiti Logan, Lively na Pisoni walionyesha mwaka 1991, kwa Wajapani wasiotofautisha r na l, kwamba sikio linaweza kufundishwa kwa sauti za wasemaji kadhaa. Sauti moja tu inakariri msemaji.

Halafu ije imla, ambayo watu wanaidharau kwa sababu inanuka darasa la nne. Chukua sauti yenye maandishi yake, mfano vipindi vya BBC vya dakika sita. Kimoja kinakula megabaiti tano au sita, bando haliumii. Sikiliza dakika moja tu, ambayo kwa mwendo wa kawaida ni maneno 130 hadi 150. Andika, rudia hadi mara nne, kisha fungua maandishi na usahihishe kwa alama tatu. H kwa neno asilolijua kabisa. S kwa neno analolijua ila hakulisikia. M kwa neno alilosikia kama lingine. Hesabu kila alama uandike juu ya ukurasa.

Kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne, wiki za mwanzo S ndizo zitajaa, na hiyo ndiyo taarifa unayoitafuta: tatizo si msamiati. Kiswahili kinaipa kila silabi nafasi yake na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, huhangaiki kuutafuta. Kiingereza kinameza. "Of", "to", "was", "for" zinabaki pumzi tu. Mfano unaoleta hasara kabisa ni "can" na "can't". "I can come" husemwa "can" ikiwa imemezwa, karibu "kn". "I can't come" ndiyo yenye irabu inayosikika wazi, na ile t ya mwisho mara nyingi haitoki. Mswahili akisikia "kan" iliyo wazi anadhani mtu anakuja. Kumbe kasema haji.

Makambako_Njiapanda

Mnampa mtoto mzigo. Nani kati yetu alijifunza Kiswahili kwa alama za H, S na M? Mtoto wa Kibena au wa Kikinga anaingia mjini, mwaka mmoja anaongea. Mtaalamu wa lugha Stephen Krashen alishalisema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980: lugha inaingia kwa kuelewa ujumbe uliozidi kidogo uwezo wako, na kanuni za sarufi zinakusaidia kujikagua tu, tena ukiwa na muda.

Hizo saa 130 za kozi mpeni asome na asikilize vitu vyepesi. Na ninaposema vyepesi ninamaanisha vyepesi. Mhesabie maneno 100 ya kitabu: asiyoyajua yakizidi mawili, kirudishe rafuni. Mtafiti wa msamiati Paul Nation amefanya hesabu hizi kwa miaka mingi. Ili usome bila kukwama, uweze kukisia maana na kufurahia, unahitaji kuyajua kama maneno 98 kati ya 100. Kwa mtoto wa shule zetu hivyo ni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa upya kwa Kiingereza rahisi, siyo gazeti wala Biblia ya King James, ambayo naona wengi wanawapa watoto wao wakidhani wanawasaidia.

Tena shule imewapa msamiati uliopinda. Anajua "photosynthesis", hajui mwiko unaitwaje.

Mwalimu_Uyole

Ndugu yangu wa Makambako, kwenye vitabu vyepesi sina ubishi, na hilo la mwiko ni kweli tupu. Ila huyo mtoto wa Kibena anayeingia mjini ana vitu viwili ambavyo binti hana. Cha kwanza, Kibena na Kiswahili ni ndugu: ngeli zipo, vitenzi vinajengwa kwa namna inayofanana, hata mzizi wa neno mara nyingi ni mmoja. Cha pili, mjini asipoongea Kiswahili hali, kwa hiyo anasukumwa saa kumi na mbili kwa siku. Kiingereza cha Mbeya hakimsukumi mtu namna hiyo.

Na kuhusu kuelewa tu bila kulazimishwa kutoa, jaribio kubwa limeshafanyika. Mwaka 1965 huko St. Lambert, Quebec, watoto wa nyumba zinazoongea Kiingereza walianza kufundishwa masomo kwa Kifaransa, na mpango ukaenea Kanada. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain akaeleza alichokiona kwa watoto wa mpango wa namna hiyo: kusikia na kusoma kwao kulikaribia sana wenye lugha, lakini walipoongea, sarufi ilibaki nyuma. Walipata Kifaransa tele masikioni, ila hakuna aliyewabana waseme kitu kwa usahihi.

Sasa mtazame binti wa Sokomatola. Amekaa miaka minne akifundishwa Historia, Jiografia na Baiolojia kwa Kiingereza. Huko ni kukaa na lugha pia! Zimempa nini? Amesikiliza, amenakili ubaoni, mwalimu akiona macho yamelegea anageukia Kiswahili, mtihani unajibiwa kwa sentensi zilizokaririwa. Anayesema lugha inakaliwa ajue kwamba unaweza kuikalia miaka minne ukiwa umeipa mgongo.

Ratiba yangu ni hii. Kozi ikifaulu ule ukaguzi wa saa, aanze nayo, kwa miezi mitatu yote, na kila siku nje ya kozi aweke dakika 40: kumi za jozi za sauti, ishirini za imla, kumi za kusoma kitabu chepesi kwa sauti. Kisha Tunduma miezi miwili kwa utaratibu wa yule kijana wa Mpemba. Naweka darasa mbele kwa sababu moja: akitangulia Tunduma, ile "He go" itakuwa imeshasemwa mara elfu kabla mtu hajamgusa. Akitangulia darasani anafika mpakani akiwa na sikio la kujishtukia mwenyewe, na hapo kila mteja anakuwa zoezi.

Kozi isipofaulu ukaguzi, msijilazimishe. Aende Tunduma moja kwa moja, na ile ada mtafutieni mwalimu wa kumsikiliza kwa simu mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, kazi yake iwe kusahihisha tu. Asianze kufundisha nyakati upya kutoka ukurasa wa kwanza. Ameshafundishwa mara tatu.

Msamiati wa mwiko, ufagio, chenji na bomba uende kwenye kadi. Manila kubwa ya A1 ukiikata nusu kwa nusu mara sita unapata kadi 64 za saizi ya kiganja. Mbele chora au andika Kiswahili, nyuma sentensi nzima ya Kiingereza yenye neno hilo. Neno pekee halitoshi, maana ndipo mtu anapojua "sweep" asijue inakaa wapi. Kadi mpya kumi kwa siku, basi. Kila kadi irudiwe siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, kila kundi na bahasha yake. Akikosa, kadi inarudi bahasha ya kwanza bila huruma. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuanza na kadi 50 kwa siku: wiki ya pili marudio yanafika mamia, kadi zinalala kabatini.

Wa_Sokomatola

Asanteni sana, mwalimu na wakuu wote. Baba nimemsomea ile ya miaka minne ya kuipa lugha mgongo, amekaa kimya, kwake hiyo ni hatua. Swali la mwisho: akiwa Tunduma shangazi naye Kiingereza chake ni cha kazi tu. Nani atamsahihisha "he" na "she" huko?

Wa_Kihesa

Ndugu, hapo ajisahihishe mwenyewe, inawezekana kwa sharti la kuwinda kosa moja kwa wakati. Ni njia inayowafaa hata vijana wanaojiandaa kuongoza wageni huku Iringa, kwa sababu nao porini hawana mwalimu, na mgeni aliyelipa kuona tembo wa Ruaha hatakusahihisha asilani. Atatabasamu tu.

Jioni achukue simu ajirekodi akieleza jambo moja, tuseme siku ya leo ya shangazi ofisini, tangu alipofungua hadi alipofunga. Nimemchagua shangazi kwa makusudi, "she" itakuja mara kumi au zaidi. Mara ya kwanza aseme kwa dakika 4. Apumzike kidogo, aseme maneno yale yale kwa dakika 3. Kisha dakika 2. Mara ya kwanza atakuwa anatafuta maneno, ya pili anayajua, ya tatu yanaanza kutoka bila kukwama, na ndiyo rekodi ya kusikiliza. Asiandike karatasi ya kusoma, atakuwa anasoma na siyo kuongea.

Akisikiliza ile ya dakika 2, awe na karatasi yenye safu mbili: mara ngapi "she" ilihitajika, mara ngapi alikosea. Makosa mengine yote ayaache yapite hata kama yanamuuma. Akiwinda matano kwa pamoja hatakamata hata moja. Wiki ya pili ahamie "s" ya kitenzi, "she works", "he wants". Wiki ya tatu "ed" ya jana, na hapo aangalie sana mwisho wa neno: ulimi wa Kiswahili haupendi kufunga na konsonanti, utaongeza i au u kidogo, "worked" inakuwa "wokidi". Kwa kweli mwisho wake ni t tu, "wokt", silabi moja. "Played" inaishia na d. Ni baada ya t na d peke yake, kama "wanted" na "needed", ndipo inapoongezeka silabi.

Kosa liondoke kwenye orodha likishuka chini ya moja kati ya kumi kwa siku tatu mfululizo. Akiona limerudi mbele ya mteja mkali asishangae, presha inarudisha mambo. Alirudishe kwenye karatasi kwa siku mbili.

Jumamosi amtumie mwalimu rekodi moja tu ya dakika 2. Siyo saba, mwalimu naye ana watoto.

Wa_Sokomatola

Nimeyachukua yote. Kozi wamekubali tuingie kipindi cha Jumatatu kuangalia, mama ndiye atakayeshika saa. Shangazi ameanza kuhesabu leo: dakika 11, na tisa kati ya hizo alikuwa anaongea yeye.